Boliti Nne za Nyuma

Alhamisi. Saa 10:20 alasiri.

Mjomba alichora ramani sakafuni kwa chaki, akaifuta kwa soli ya kiatu kabla hajamaliza kuieleza. Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Chumba cha nyuma cha gereji kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa bati, meza iliyojaa vyuma chakavu, na watu wanne ambao hakuna hata mmoja aliyetaka kumpa mwenzake mgongo. Simu zao zote zilikuwa ndani ya ndoo ya rangi, mfuniko juu.

Mjomba hakuwa mjomba wa yeyote pale. Jina alijipa mwenyewe zamani, likamkaa. Kulia kwake alikaa Msumari, mchukuzi mwenye shingo nene na maneno machache. Kushoto, Dereva. Karibu na mlango, Fundi, mwenye gereji.

Dereva alikuwa amemwoa mdogo wake Fundi, na mke huyo alikuwa na mimba ya miezi minane. Wiki mbili nyuma mwanamke yule alikuja gereji, akakataa kiti. Alimwambia kaka yake kwamba yeye ndiye aliyemwingiza mumewe kwenye kundi hili, basi yeye ndiye atakayemrudisha nyumbani, mzima, kwa miguu yake. Fundi aliahidi. Alikubali kazi ya Jumamosi kwa sababu hiyo tu, na ikiisha angewatoa wote wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sonara mmoja wa mjini anahamisha duka Jumamosi. Sefu lake, kilo mia mbili na sitini na mali yote ndani, litashushwa kwa troli asubuhi na kuachwa kwenye ujia wa nyuma, likisubiri lori la saa saba mchana. Msumari ameshapata kibarua cha kuhamisha vitu. Mlinzi ni mmoja, mzee, anapenda kukaa kivulini. Kulitoa sefu si shida. Shida ni mteremko wenye kona tisa, na daraja lililoko chini yake. Polisi wa darajani wanasimamisha kila pikapu na kila lori. Gari dogo wanalipungia mkono lipite, ila gari dogo lililokalia makalio wanalisogelea.

"Likiinama nyuma," Mjomba alimwambia Fundi, "hata polisi anayesinzia atataka kujua tumebeba nini."

Fundi alisema halitainama. Gari lilikuwa lile jeusi la zamani la mashindano, injini mbele, nguvu magurudumu ya nyuma. Lilikuwa jepesi na lenye hasira. Angelibadilishia springi za nyuma, shokapu, bushi, na mikono inayoshika magurudumu. Lingebeba sefu na watu watatu likae sawa kama halina kitu. Alianza kueleza namna atakavyofanya, Mjomba akamkatiza.

Kulikuwa na sheria mpya. Kazi iliyopita, kwenye ghala la vitambaa, wenzao wawili walikamatwa hata hawajagusa kufuli, na tangu hapo Mjomba aliamini kuna mtu aliyesema. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akirudia, huku akiwakagua nguo kwa macho. Kwa hiyo kila mtu na kazi yake. Hakuna kumweleza mwenzako unachofanya, hakuna kumuuliza anachofanya. Atakayeeleza ndiye msaliti, na atakayeuliza ni msaliti pia.

Sheria ya kijinga, ukiniuliza mimi. Lakini hakuna aliyeuliza.

Ijumaa. Saa 3:15 asubuhi.

Fundi aliinua gari nyuma kwa jeki, akaliweka juu ya stendi mbili za chuma, magurudumu yakaning'inia. Msumari alikuwa ameketi juu ya tairi bovu, kazi yake ya siku hiyo ikiwa ni kumwangalia Fundi.

Springi za zamani zilitoka kwa malalamiko. Mpya zilikuwa nene kama kidole gumba, ngumu, fupi kidogo. Akaweka na shokapu zinazolingana nazo, maana springi ngumu kwenye shokapu laini ni mpira wa kudunda. Kisha akatoa mikono ya chini. Bushi zake, zile pete za mpira kwenye maungio, zilikuwa zimekufa, mpira umepasukapasuka. Akazikandamiza mpya kwa vaisi, moja baada ya nyingine, kwa subira ya mtu anayemvalisha mtoto viatu.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Bushi ya mpira haizunguki. Ukishaikaza boliti yake, mpira unashika chuma, na gurudumu likipanda au kushuka, mpira unajisokota na kurudi. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka chini mpira umeshasokotwa tayari, na ukiongeza mzigo unasokotwa mpaka unachanika. Ni kama fundi cherehani akushonee shati ukiwa umeinua mikono juu. Siku ukiishusha, kwapa linapasuka.

Kwa hiyo Fundi hakuzikaza. Boliti nne, mbili kila upande, aliziacha kwa nguvu ya vidole tu. Ndiyo desturi yake, miaka kumi na tisa. Jioni angelishusha gari chini, na kesho yake saa tatu ajaze buti mifuko ya mchanga yenye uzito wa sefu, ateleze chini yake, azikaze likiwa limesimama kama litakavyosimama barabarani.

Saa sita Dereva alikuja, akainama, akatazama. Aliuliza kwa sauti ya chini kama gari litakuwa tayari. Fundi alifungua mdomo amweleze habari ya boliti. Msumari akakohoa pale juu ya tairi. Fundi akafunga mdomo, akasema litakuwa tayari, asiwe na wasiwasi.

Saa tisa alivuka barabara hadi dukani, akaomba simu ya mwenye duka, akampigia mdogo wake kujua hali yake. Mgongo unamuuma, miguu imevimba, mengine salama. Dakika tatu. Msumari alizihesabu kutoka mlangoni, na jioni akazipeleka kwa Mjomba.

Jumamosi. Saa 12:40 asubuhi.

Mjomba alikuwa na ufunguo wa akiba wa gereji ambao Fundi hakuujua. Alimpitia Dereva nyumbani kwake, akamkuta anachemsha maji ya kuoga mkewe, akamwambia wakatazame gari. Njiani alimweleza habari ya simu ya dukani. Hakumtuhumu mtu. Alisema tu kwamba mtu mwenye simu yake ndani ya ndoo, anayekwenda kuazima ya mwingine, ana neno ambalo haliwezi kusubiri.

Waliliinua gari kwa jeki. Dereva alilala chini na tochi na spana. Aligusa boliti ya kwanza, ikazunguka. Ya pili, ikazunguka. Zote nne. Alibaki amelala pale chini akitazama vidole vyake vyenye grisi.

"Umeona?" Mjomba aliuliza.

Dereva aliumia, na ukweli usemwe, aliumia kama mtu aliyefumania. Alikula kwa Fundi kabla hajawa na kwake. Fundi ndiye aliyemsimamia harusini, akamlipia hata viatu. Na sasa mkono ule ule umelegeza boliti za gari atakalolishusha mlimani na kona zake tisa. Alitafuta sababu nyingine, hakuipata. Yeye ni dereva. Anajua gari likiwa linakwenda, halijui likiwa limelala chali.

Alizikaza. Alizikaza kwa nguvu zote, miguu ikisukuma ukuta, magurudumu yakiwa yananing'inia hewani. Wakalishusha gari, na Mjomba akamkataza kumwambia mtu yeyote, hata mkewe, hasa mkewe.

"Kwa nini tusimwache nje tu?" Dereva aliuliza.

"Mchawi mpe mwana akulelee," Mjomba alisema. "Leo atapanda nasi."

Saa 2:50 asubuhi.

Fundi alifika na mifuko ya mchanga kwenye mkokoteni. Alisimama mlangoni, akalitazama gari, akajua kuna kitu. Nafasi kati ya tairi la nyuma na bodi aliiacha vidole vitatu. Sasa mkono wake mzima ulipita.

Wote watatu walikuwepo, Msumari ameshavaa ovaroli ya kibarua. Mjomba alisema saa imebadilika. Msumari anakwenda sasa hivi, sefu litakuwa chini kufikia saa nne, wao watalichukua saa nne na nusu, si saa sita. Kama kuna mtu aliyempa mtu saa, basi alimpa saa isiyo yake. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akimtazama Fundi.

Fundi aliomba dakika kumi chini ya gari. Ni boliti tu, alisema.

"Boliti zimekazwa," Mjomba alisema.

Fundi alimgeukia shemeji yake. Aliuliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa amekula nini. "Shemeji, ulizikaza likiwa juu ya jeki?"

Dereva alimtazama Mjomba kwanza. "Nilizikuta zimelegea. Nikazikaza."

Fundi alieleza. Alieleza habari ya mpira, na kusokota, na shati la fundi cherehani. Alieleza mchanga ni wa nini. Alisema hahitaji hata kumi, tano zinatosha, azilegeze na kuzikaza upya mzigo ukiwa juu. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimzamisha. Hebu yasikie kwa masikio ya Mjomba. Mtu aliyeziacha boliti zimelegea anaomba ruhusa azilegeze tena.

"Mbona hukusema jana?" Dereva aliuliza. Sauti yake ilitaka jibu zuri. Ilikuwa karibu kuomba.

"Sheria si mliiweka nyie?" Fundi alisema. "Ningesema, ningekuwa msaliti. Sikusema, nimekuwa msaliti. Shemeji, mimi nikuue wewe? Nikamwambie nini mdogo wangu?"

Dereva aliinamisha kichwa. Kwa muda alionekana kama atachukua spana mwenyewe. Mjomba akauliza, bila kupandisha sauti, simu ya jana dukani ilikuwa ya nani. Fundi alisema ya mdogo wake. Mjomba akamuuliza Dereva kama mkewe alimtajia simu hiyo. Hakumtajia. Alilala mapema, mgongo ulikuwa unamuuma.

Ikaisha hapo. Mjomba alitoa bastola, akaiweka mapajani kama mtu anayeweka miwani.

"Utakaa mbele," alimwambia Fundi. "Kama lina ugonjwa, mtaugua pamoja."

Saa 4:34 asubuhi.

Wizi wenyewe ulichukua dakika sita. Nawaambia kwa ufupi kwa sababu ulikuwa mfupi. Gari liliingia kinyumenyume kwenye ujia. Mlinzi alifungwa mikono na mdomo, akaketishwa kwenye kivuli chake kile kile. Msumari alisukuma troli juu ya mbao mbili, sefu likateleza ndani ya buti. Walilikaza kwa mnyororo mmoja, kwa haraka. Msumari alirudi ndani kuendelea kubeba viti, asishukiwe.

Fundi alitazama nyuma ya gari likipokea mzigo. Lilishuka, likasimama sawasawa. Mtu asiyejua angempongeza. Yeye alisikia mpira ukilia ndani ya chuma, mlio mdogo, mkavu.

Saa 4:47 asubuhi.

Juu ya mlima Fundi alimwambia Dereva aende pole, hamsini, si zaidi, asilikate kona kwa nguvu. Sindano ilishuka hadi hamsini. Kona ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Mjomba alikaa kiti cha nyuma, mgongo kwenye sefu, bastola kwenye shingo ya Fundi, akitazama kioo cha nyuma zaidi ya barabara. Gari jeupe lilikuwa nyuma yao tangu mjini.

Kwenye kona ya tatu kitu kilichanika. Haukuwa mlio mkubwa, ulikuwa kama wa kanga inapopasuliwa kufungia kidonda. Nyuma ya gari ikasogea yenyewe, ikarudi.

"Inapiga mkia," Dereva alisema.

"Ni bushi ya kulia. Gurudumu linajigeuza. Usiguse breki. Shikilia mwendo huo huo, usukani kidogo kidogo."

Dereva alilamba midomo. Jasho lilimtoka puani. Kona ya nne ilikuja, na kwa mara ya kwanza siku ile alifanya alivyoambiwa na shemeji yake, neno kwa neno. Fundi alisema sasa, Dereva akageuza. Alisema achia kidogo, akaachia. Gari liliyumba, likapita.

"Ndiyo hilo," Dereva alisema polepole. "Ndiyo hilo ulilosema. Nilizikaza likining'inia."

"Ndiyo. Yamepita. Shuka hadi arobaini, taratibu. Tutasimama pale palipo na uwazi, nizilegeze, tuendelee."

Huenda wangefika. Mimi naamini wangefika. Lakini Mjomba aliona sindano inashuka, akaliona gari jeupe linakaribia, akasikia ndugu wawili wanaafikiana kusimama njiani. Mashaka yake yalikuwa yamekula mtu mmoja na bado yalikuwa na njaa. Alitoa bastola kwenye shingo ya Fundi, akaihamishia kwenye shingo ya Dereva.

"Kumbe nyie ni wawili," alisema. "Ongeza."

"Mjomba, nyuma hakuna—" Dereva alianza.

"Nimesema ongeza."

Fundi alimwambia shemeji yake asiongeze. Bastola ilimwambia aongeze. Dereva alifumba macho nusu sekunde, na mguu wake ukashuka.

Kona ya tano hawakuimaliza. Gurudumu la kulia liliingia ndani, mkia ukaja mbele, na lile gari jeusi lenye hasira likazunguka mara moja na nusu kabla ya kugonga ukingo wa mawe kwa ubavu wa dereva. Mnyororo ulikatika. Sefu lilipita kwenye kiti cha nyuma kama kiti hakipo, na Mjomba alikuwa kati yake na kiti cha mbele. Hakupata muda wa kumtuhumu mwingine.

Saa 4:53 asubuhi.

Gari jeupe lilisimama. Walishuka mtu na mkewe na watoto watatu, godoro limefungwa juu ya paa. Mume alikimbia na kidumu cha maji. Mke aliwarudisha watoto ndani, akawafunika macho kwa kanga.

Fundi alikuwa amevunjika mkono tu. Mlango wake ulifunguka. Mbele yake kulikuwa na mteremko wa vichaka, na mtu mwenye miguu miwili angepotea humo kabla polisi hawajaja. Alitoka, akazunguka upande wa pili, akapiga magoti kwenye vioo.

Dereva alikuwa amebanwa kuanzia kifuani. Alikuwa anapumua kwa vipande. Aliuliza kama Fundi ameumia. Kisha akasema kwamba zilikuwa zimelegea, shemeji, angejuaje.

"Usingejua," Fundi alisema. "Nyamaza. Upumue."

Alimshika mkono mpaka ukawa mzito. Polisi wawili walipanda kutoka darajani kwa miguu, wakitweta, wakidhani wamekuja kwenye ajali ya kawaida. Mmoja alimuuliza Fundi jina la marehemu. Alipoona sefu lililokuwa limelala kiti cha nyuma, ndipo alipoita wenzake.

Jumanne. Saa 5:10 asubuhi.

Mkaguzi aliyemhoji hakuwa mtu mbaya. Alimwambia hata yasiyohitajika. Kwamba Msumari alikamatwa akiwa bado amebeba kiti. Kwamba hakuna aliyewahi kupiga simu kituoni kuhusu sonara. Fundi akamuuliza, je, habari ya ghala la vitambaa nani aliisema. Mkaguzi alicheka kwa pua. Hakuna. Wale wawili walikaa kwenye gari mbele ya ghala tangu asubuhi, wakila na kutupa maganda dirishani, mpaka mfagiaji akaenda kuwashtaki kwa uchafu.

Halafu akasema kuna mgeni.

Mdogo wake alikaa upande wa pili wa meza, kitambaa cheupe kichwani, tumbo likigusa ubao. Hakulia. Alikuwa ameshamaliza kulia mahali pengine. Askari alisimama mlangoni akijifanya anasoma karatasi.

"Wanasema ni boliti za nyuma," alisema. "Wanasema zilikazwa vibaya."

"Ndiyo."

"Ni wewe uliyelitengeneza, kaka?"

Fundi alikuwa na ukweli mzima mdomoni. Saa, jeki, ufunguo wa akiba, mkono uliozikaza na mtu aliyeuamuru. Ungemtoa yeye kwenye lawama mbele ya mtu pekee aliyebaki naye duniani. Lakini ukweli huo ulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, na mlango huo ni kwamba mume wa mwanamke huyu aliamka asubuhi akiamini kwamba kaka yake anataka kumuua, akazikaza mwenyewe boliti zilizomuua. Mtoto atazaliwa bila baba. Fundi hakuona sababu azaliwe na habari hiyo juu yake. Ilimuuma kuliko mkono uliovunjika, na alijua itamuuma miaka yote watakayompa.

"Ni mimi," alisema.

"Zote nne?"

"Zote."

Mdogo wake alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta mtu aliyemjua. Alishika kiuno, akainuka kwa taabu, na Fundi akanyanyuka nusu kutaka kumsaidia. Yeye akarudi nyuma hatua moja ili mkono ule usimguse. Kisha akamwomba askari amfungulie mlango.

Askari alimfungulia. Fundi alibaki amesimama nusu vile vile mpaka alipoambiwa akae.